Pareto Juu, Kahawa Chini: Ukitaka Kulitembelea Shamba la Mugongo

Anayefikia Nyamyumba, wilayani Rubavu nchini Rwanda, kwa kawaida hana haraka ya kuondoka. Ziwa Kivu liko mlangoni, samaki wadogo aina ya sambaza wa kukaanga hawakosekani, kiwanda cha bia cha Bralirwa kinafanya kazi hapo jirani tangu miaka ya 1950, na chemchemi za maji moto, ambazo wenyeji huziita amashyuza, zinatosha kumlegeza mtu aliyejikunja kwenye kiti cha basi tangu Kigali. Pamoja na raha zote hizo, nashauri utenge siku moja uliache ziwa, upande kuelekea volkano, ukalione shamba la Mugongo. Limo katika wilaya hiihii ya Rubavu, chini ya mlima Karisimbi, na sidhani kama lipo shamba jingine la mlowezi nchini Rwanda ambalo habari zake zimeandikwa kwa kirefu kiasi hicho.

Wengi wanaokwenda huko hurudi wakisifu maua. Maua ni mazuri, sina ugomvi nayo. Ila mtu akiingia kwa mlango wa bustani atatoka na habari za bibi mmoja mwema na mawaridi yake, basi. Akianzia kwenye kazi, yaani banda la kukaushia pareto, mashamba yenyewe na watu walioyalima, atamwelewa hata huyo bibi vizuri zaidi. Karibu kila ninachokushauri hapa kinatokana na jambo hilo.

Bibi mwenyewe ni Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyezaliwa New Jersey mwaka 1912. Ujana wake aliutumia New York akichora picha za mitindo ya mavazi. Akaolewa na Kenneth Carr, mwindaji aliyemzidi umri kwa mbali, na mwaka 1949 wakahamia Kongo ya Wabelgiji. Ndoa haikudumu. Mume alikwenda zake, mke akabaki, na kufikia mwaka 1955 alikuwa ameshika shamba la Mugongo. Uhuru ulipokaribia walowezi wengi walifunga virago, na baada ya mwaka 1962 wakabaki wachache mno; yeye akawa miongoni mwa waliobaki, akaishi hapo, ukiondoa vipindi vya vita, mpaka alipofariki Septemba 2006 akiwa na miaka 94. Kumbukumbu zake, Land of a Thousand Hills, alizoandika pamoja na mpwa wake Ann Howard Halsey, zilichapishwa mwaka 1999. Ukikipata kitabu hicho kisome kabla ya safari, walau sura za mwanzo na za mwisho. Ni simulizi la mwenye shamba, kwa hiyo lisome ukijua hivyo, lakini ni la mtu aliyekuwa na macho.

Kuna jambo la kuliweka sawa kabla hujapanda. Rwanda haikuwa nchi ya walowezi kama Kenya. Watu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa imejaa, na Wabelgiji walipoitaka kahawa hawakuhangaika sana kutafuta mashamba makubwa. Miaka ya 1930 waliwalazimisha wakulima wenyewe kupanda mibuni karibu na nyumba zao. Mashamba ya Wazungu yalibaki machache, na upande huu wa Kivu na volkano ulikuwa mojawapo ya sehemu walikopata nafasi. Kwa hiyo anayetoka Tanga akiwa amezoea mkonge usioisha, au anayetoka Kericho alikozoea chai mpaka upeo wa macho, asitarajie ukubwa wa namna hiyo. Hakuna jumba la kifahari Mugongo. Kuna nyumba ya chini, ya kawaida tu, iliyozongwa na mimea inayotambaa ukutani, na bustani ya mtindo wa Kiingereza mbele yake. Ukifika na picha ya ikulu kichwani utavunjika moyo bure.

Sasa maandalizi. La kwanza, usiende bila kupiga simu. Hapa si makumbusho ya taifa yenye karani langoni kila siku. Mwenyeji wa hoteli yako Nyamyumba au Gisenyi atakupatia namba inayotumika. Uliza kama kuna mtu wa kukutembeza, kama chakula cha mchana kinapikwa kwa wageni, kiingilio ni kiasi gani na kinalipwa vipi. Beba faranga taslimu hata kama simu yako ina pesa, kwa sababu mtandao wa milimani hautabiriki.

La pili ni tarehe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, na asubuhi hiyo barabara husimama mpaka saa tano hivi. Ukipanga safari siku hiyo, panga kuondoka baadaye, au bora zaidi ujiunge na wenzako kufyeka mtaro. Tarehe 7 Aprili huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994. Siku hizo si za matembezi wala ngoma. Ukijikuta Rubavu wakati huo, tulia, hudhuria ikiwa umealikwa, na Mugongo uiache kwa wakati mwingine.

Mvua nazo zihesabu. Masika huanza katikati ya Machi na kwenda hadi Mei, na mvua za vuli hushika Septemba au Oktoba hadi Desemba. Si suala la kulowa tu. Mapema Mei 2023 mto Sebeya, unaopita Nyundo kabla ya kumwaga maji ziwani, ulifurika usiku mmoja, na mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yaliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Kwa anayetaka milima iwe wazi na njia iwe kavu, Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake, ingawa bustani huwa imechoka kidogo kwa vumbi. Mimi ningechagua Juni mwanzoni, ardhi ikiwa bado na unyevu.

Usafiri wenyewe hauna maajabu. Unarudi Gisenyi kwa njia ya ufukweni, unashika barabara kuu ya Musanze, kisha unaiacha na kupanda kwa njia ya vumbi na mawe ya volkano. Gari la juu linafaa. Pikipiki inafika pia, mradi uvae helmeti na umwambie dereva mapema kwamba utarudi naye, kwa sababu jioni huko juu usafiri si wa kuokota njiani. Mwenye gari lake kutoka Kenya, Uganda au Tanzania akumbuke kwamba Rwanda magari huenda upande wa kulia, na kwamba saa ya Kigali iko nyuma ya ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Ondoka Nyamyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa za hapo. Mawingu hufunika vilele mapema, na Karisimbi yenye mita 4,507 inaweza kutoweka kabisa kabla ya saa nne kana kwamba haikuwapo.

Beba sweta. Watu wa ziwani hulicheka neno hili mpaka wafike. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Mugongo iko juu ya mita 2,000, na tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ndiyo iliyoamua kila kitu: kipi kilimwe wapi, nani aajiriwe, nani apate fedha. Chini, Nyamyumba, ni kahawa na ndizi. Ukianza kupanda unakutana na chai. Juu kabisa, penye usiku wa baridi, ndiko pareto inakokubali.

Kwenye pareto ndipo pa kuanzia. Ukifika na kusalimiana, mwombe mwenyeji akupeleke kwanza kwenye banda lililokuwa la kukaushia pareto. Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa njano, jamaa wa maua ya kawaida ya bustani, asili yake pwani ya Dalmatia. Ndani ya kichwa cha ua mna sumu inayowaangusha wadudu bila kumdhuru sana binadamu. Bila baridi ya kutosha usiku mmea hauchanui vizuri, ndiyo maana Wazungu waliuleta kwenye miinuko ya Kenya, Kivu na Rwanda, na ndiyo maana Vita vya Pili vya Dunia vilipoikata Japani, iliyokuwa ikiuza pareto nyingi zaidi, Afrika Mashariki ilijikuta imeshika soko.

Muulize mwenyeji wako namna inavyochumwa. Ni kwa mkono, ua moja moja, na mchumaji anarudi kwenye mstari uleule kila baada ya muda mfupi kwa sababu maua hayaivi pamoja. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja iliyokauka. Likichelewa kukaushwa, ua huchacha na thamani inapotea, kwa hiyo banda ndilo lililokuwa moyo wa shamba: moto, trei, zamu za usiku, mizani. Simama humo uwaze gunia moja la pareto kavu limepitia vidole vya watu wangapi. Ukitoka hapo, bustani utaiona kwa macho mengine.

Baadaye dawa za kutengenezwa viwandani zilishusha bei, na Carr akageukia maua ya kukata, akiyauza kwa hoteli na balozi. Hiyo ndiyo asili ya bustani unayoiona. Wengi hudhani ilikuwa starehe ya bibi wa Kizungu, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo, lakini ilikuwa pia biashara iliyolipa mishahara baada ya zao la kwanza kuanguka. Ukitembea humo uliza maua gani yalikuwa ya kuuza na yapi yalikuwa ya kutazama tu. Na uliza majina ya wakulima wa bustani. Ni swali dogo, wageni hawaliulizi, na linafungua mazungumzo kuliko kusifu waridi mara kumi.

Jina moja usitoke bila kulisikia: Sembagare Munyamboneza. Alianza kumfanyia kazi Carr akiwa kijana, akaishia kuwa meneja wa shamba na mtu wa karibu yake kwa karibu nusu karne. Bila yeye Mugongo ingekuwa pori. Katika nyumba nyingi za walowezi zilizogeuzwa makumbusho, watu wa aina yake hubaki kwenye picha wakiwa pembeni na trei mkononi. Makumbusho ya mlowezi Karen Blixen jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1986 katika nyumba iliyojengwa 1912, yana uzuri wake, na mitambo ya zamani ya kahawa iko pale nje kwa anayetaka kuitazama, lakini wageni wengi hupita moja kwa moja kwenda kuuliza habari za sinema iliyotengenezwa kuhusu maisha yake. Mugongo ina nafasi ya kufanya vizuri zaidi, na mgeni mwenye maswali sahihi anasaidia.

Sinema ipo hapa pia. Mtafiti wa sokwe Dian Fossey alipoanzisha kituo cha Karisoke Septemba 1967, kati ya milima ya Karisimbi na Visoke, Carr alikuwa rafiki yake wa karibu, na katika filamu Gorillas in the Mist ya mwaka 1988 nafasi ya Carr iliigizwa na Julie Harris. Ndani ya nyumba utasimuliwa habari hizo kwa furaha, zisikilize. Kisha rudi kwenye pareto. Mwaka 1969 serikali ilikata kama hekta 10,000 kutoka katika hifadhi ya volkano, karibu asilimia 40 ya eneo lake, ikawagawia wakulima walime zao hilohilo. Sokwe waliopoteza msitu na wakulima waliopata ardhi wanakutana kwenye ua hili dogo jeupe. Tazama mashamba yanavyopanda mpaka ukingo wa msitu ulionyooka kama umekatwa kwa rula: mpaka huo una tarehe.

Sehemu inayofuata inahitaji adabu. Aprili 1994 Carr alihamishwa nchini, na alirudi Agosti akakuta nyumba imeporwa. Tarehe 17 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82, alifungua makao ya watoto yatima ndani ya banda lile la pareto, yakaitwa Imbabazi. Sembagare alikuwa naye. Amani haikuja mara moja. Mwaka 1997 wapiganaji waliovuka kutoka Kongo walishambulia kambi ya wakimbizi wa Kitutsi kutoka Kongo huko Mudende, Agosti na tena Desemba, na wakaua watu wengi. Makao ya watoto yalihamishiwa mjini na yalirudi Mugongo mwishoni mwa mwaka 2005. Zaidi ya watoto 400 wamepitia Imbabazi. Kuanzia mwaka 2012 Rwanda iliamua watoto walelewe katika familia badala ya vituo, na kazi hiyo ikafikia mwisho wake.

Kwa hiyo usifike ukiuliza yatima wako wapi. Ni watu wazima sasa, wana kazi na watoto wao, na inawezekana kabisa mtu anayekuonyesha njia ni mmoja wao. Usimuulize amepoteza nani. Akitaka atasema. Wala usimuulize mtu yeyote Rwanda kabila lake; ni swali ambalo kwetu Dar au Mombasa hulitupa kwenye mazungumzo kama salamu, na huku lina damu ndani yake, mbali na kwamba sheria za nchi ni kali kuhusu maneno ya kugawa watu. Watoto wa jirani watakukimbilia wakipunga mikono. Punga nawe, salimia, piga nao soga. Peremende na sarafu ziache mfukoni, na kamera itoke baada ya kuomba ruhusa kwa mzazi aliye karibu. Ukitaka kuacha fedha, nunua chakula na maua, lipa kiingilio bila kubembeleza bei, mpe mtembezaji bahashishi yake mkononi.

Lugha haitakutesa. Rubavu ni wilaya ya mpakani na Kiswahili kinazungumzwa sana, chenye harufu ya Goma. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi pia. Ukipanda milimani wazee wengi watakuwa na Kinyarwanda tu. Mwaramutse ya asubuhi, mwiriwe ya jioni na murakoze ya shukrani zinakutosha kuonekana umelelewa. Kwa wazee tumia mikono miwili unaposalimia, au shika kiwiko chako kwa mkono wa kushoto, wataona.

Mifuko ya plastiki usiibebe. Ilipigwa marufuku mwaka 2008 na mpakani huwa wanaikamata kweli.

Ukirudi na bado kuna jua, pitia Pfunda. Kiwanda cha chai kiko njiani kuelekea barabara ya ziwani, na mashamba yake yalianza miaka ya 1970, baada ya uhuru, kwa hiyo si ya mlowezi. Ndiyo sababu ya kupita. Ukiisha kuona shamba la mtu mmoja, inafaa uone lile lenye wachumaji waliotapakaa bondeni na malori yanayokimbiza majani kabla hayajanyauka kupita kiasi. Kuingia kiwandani kunahitaji ruhusa ya mapema. Kama hukuomba, simama tu kando ya barabara mahali salama. Siku ya mvua watu wanachuma vilevile, wamejifunga karatasi za nailoni kiunoni.

Wenye muda wa siku ya pili wabaki Nyamyumba penyewe waitazame kahawa. Msimu wa kuvuna ni kati ya Machi na Juni au Julai, na nje ya hapo vituo vya kuoshea huwa kimya, meza za kuanikia ziko tupu. Ndani ya msimu utaona wakulima wakishuka na vikapu vya buni nyekundu jioni, foleni kwenye mizani, na usiku kucha mashine ikimenya. Omba uonyeshwe meza ambapo kina mama huchambua punje mbovu kwa mkono, kisha muulize mkulima mmoja ana miti mingapi. Wengi wana mia chache tu. Hapo utaielewa tofauti ya Mugongo na nchi iliyobaki.

Kwa wanaotoka Goma, ulizia hali ya mpaka asubuhi yenyewe ya safari, si jana yake. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 saa za mpaka na masharti yake vimekuwa vikibadilika, na anayelala Nyamyumba huku gari lake liko ng'ambo anaweza kupata usiku mrefu. Wakenya na Waganda wanaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania abebe pasipoti.

Amashyuza ziwekee jioni, baada ya kushuka. Maji hutoka chini ya mawe ufukweni karibu na kiwanda cha bia, mengine ya moto sana, na watu huingia pale yanapochanganyika na maji ya ziwa. Jaribu kwa vidole vya mguu kabla hujaketi. Wenyeji huja kujitibu mgongo na viungo, kwa hiyo wenye maumivu waachie sehemu nzuri. Na akijitokeza kijana wa kukukanda, patana naye bei kabla hujalala.